Namna ya Kupatanisha Kompresa Tatu Mjini Kaliua

Mwongozo huu ni wa mwenye kompresa tatu. Mwenye moja aendelee na shughuli zake. Yeye hana tatizo la kupatanisha, ana tatizo la fenibeti. Wewe ulianza na ya HP 5 ya kujazia matairi ya malori yanayokwenda Kigoma. Ukaongeza ya HP 10 kwa ajili ya fundi rangi na seremala. Halafu msimu mmoja tumbaku ilipolipa ukapanda treni hadi Dar es Salaam, ukazunguka Gerezani, ukarudi kushukia Kaliua, pale reli ya Kigoma inapoachana na ya Mpanda, ukiwa na karatasi ya mzigo mkononi: mashine ya skrubu, HP 20, mtumba, rangi mpya ya bluu juu ya kutu ya siku nyingi. Zote tatu umeziunga kwenye bomba moja ili zisaidiane. Ni nia njema. Soma polepole, na usisome kwa sauti mafundi wakiwa karibu.

Anza na bei, maana ndiyo sehemu pekee utakayoisoma hadi mwisho. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa kundi la T1 analipa shilingi 292 kwa uniti. Weka VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, unafika 356 na senti zake. Ndiyo hesabu iliyowazoesha watu kwamba elfu 10 ya LUKU ni uniti 28. Kompresa zako zikivuta zote ni HP 35, yaani kilowati 26 hivi. Elfu 10 hiyo haifiki hata saa moja na robo. Na katika umeme huo, karibu sehemu tisa kwa kumi zinatoka kama joto. Biashara yako, kwa hesabu, ni kuzalisha joto. Upepo ni mabaki yake. Usiipige hesabu hii siku ya kulipa mishahara.

Ukishaijua bei, jiandae kukutana na kanuni ya kwanza isiyoandikwa: upepo ni wa Mungu. Mzee anasimamisha baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, anakohoa kidogo, anasema, "Mwanangu, nitilie upepo." Hatoi hela na hakuna anayemdai. Wewe, kwa kuwa sasa una hesabu kichwani, utataka kuanzia hapo hapo. Utabandika tangazo la bei. Usibandike. Tairi la baiskeli, kutoka bapa hadi gumu, halimalizi umeme wa shilingi moja. Ila wakati unabishana na mzee, nyuma yako kuna tundu la milimita 3 kwenye kiungio cha mpira, presha paundi 100, linapiga mluzi tangu Januari. Tundu hilo linakula kilowati 3 hadi 4. Maana yake una kompresa nzima ya HP 5 iliyoajiriwa kulihudumia tundu. Kwa siku ya kazi ya saa 10 ni shilingi elfu 12 au 13, na kwa hela hiyo mzee angejaza matairi zaidi ya elfu 12. Mpe shikamoo, mjazie, aende. Mluzi utaendelea, kwa sababu hakuna anayeusikia. Ukikoma ndipo watu watashtuka na kuuliza kimeharibika nini.

Kuutafuta mluzi si kazi ngumu, ni kazi ya aibu. Subiri jioni mafundi wameshafunga. Hakikisha hakuna anayetumia upepo, kisha acha mashine moja iwashe na kuzima yenyewe. Shika saa. Ikisukuma dakika 2 na kupumzika dakika 6, basi robo ya uwezo wake inavuja, kwa kuwa hakuna kingine kilichokuwa kikiutumia. Sasa chukua kopo, maji na sabuni ya unga, na kitambaa. Paka kwenye kila kiungio, kila koplingi, kila mahali palipofungwa kipande cha tyubu ya baiskeli kwa ustadi na matumaini. Palipo na tundu patatoa povu. Nenda mwisho kabisa, kwenye koki ya kutolea maji chini ya tangi. Utaikuta imefunguliwa kidogo. Haikusahauliwa. Imeachwa hivyo makusudi, ili maji yatoke yenyewe na mtu asilazimike kuinama kila asubuhi. Utaifunga. Kesho utaikuta imefunguliwa tena, kidogo zaidi, na hutampata aliyeifungua.

Sasa tunaingia kwenye uongozi, na hapa naomba utulivu.

Mashine zikiwa zaidi ya moja kwenye bomba moja, lazima iwepo inayotangulia, inayofuata na inayosubiri. Jambo hili lilishamalizwa katika nchi hii kabla ya umeme. Wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakibeba mizigo baina ya pwani na Ujiji, mbele alitangulia kirangozi, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyetoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, akafika Ujiji Februari 1858, aliandika kwamba aliyempita kirangozi alichomolewa mshale kwenye podo lake, ili afahamike watakapofika kituoni. Ni utaratibu mzuri sana. Tatizo ni kwamba kompresa zako hazina podo, na kila moja inajiona kirangozi.

Sheria yenyewe ni fupi. Ya pistoni, kama zile zako mbili ndogo, imeumbwa kufanya kazi na kupumzika. Ikipigishwa mwendo kutwa nzima inachemka, inatema mafuta kwenye bomba, na fundi rangi anaanza kuona madoa kama macho ya samaki kwenye boneti ya mteja. Ya skrubu imeumbwa kukimbia bila kusimama, ila inataka mzigo. Kwa hiyo siku ya kazi nyingi skrubu itangulie, ijae kabisa, na HP 10 iingie pale tu panapopungua. Siku ya kazi chache skrubu izimwe, tena izimwe kabisa kwenye swichi, na ndogo zibebe. Watu makini wanaongeza tangi kubwa ili mashine zisiwe zinaamka kila seremala anapopiga msumari. Ni hayo tu.

Wewe utafanya kinyume. Asubuhi, kabla lori hata moja halijasimama, utaiwasha skrubu kwanza. Haina wa kumsukumia, kwa hiyo inazunguka frii, kama wasemavyo madereva. Na skrubu ikizunguka frii bado inakula robo hadi theluthi ya umeme wake wote, nyingine hata zaidi. Theluthi ya HP 20 ni kilowati 5. Kompresa yako ndogo ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inakula kilowati 3.7. Umeelewa? Kubwa ikiwa imekaa bure inakula kuliko ndogo ikitoka jasho. Lakini kubwa ndiyo uliyoikopea, ndiyo waliyokuja kuitazama majirani, na kanuni ya pili isiyoandikwa inasema mashine ya gharama lazima isikike. Mteja akikuta kimya atadhani umefunga, akavuka barabara. Ukiizima, kaa tayari kuulizwa na kila apitaye kama imekufa, na uwe na jibu fupi.

Suala la presha limevunja urafiki mwingi kuliko mikopo. Fundi pancha anataka paundi 120 kwa tairi la lori, na ana haki. Seremala misumari yake inatosheka na 80. Fundi rangi kwenye bunduki anahitaji 30 au 40. Bomba ni moja, kwa hiyo wote wanapewa presha ya mwenye shida kubwa, na anayezidiwa anaikata kwa regyuleta, yaani analipa kuipandisha kisha analipa kuishusha. Kila paundi 15 unazoongeza zinapandisha umeme kwa asilimia 7 hivi, na yale matundu ya jana nayo yanavuja zaidi kwa kuwa yanasukumwa zaidi.

Dawa inajulikana. Itoe ile HP 5 kwenye ukoo, ipe tangi lake, iwe ya matairi peke yake, ikae kwenye 130 yake na isimsumbue mtu. Bomba la wengine lishushe. Skrubu iingie kwenye paundi 92 itoke 107. HP 10 iingie 85 itoke 100. Hapo umepata mpangilio: moja inatangulia, nyingine inaamka pale tu ya kwanza inapozidiwa, na hazigongani mlangoni.

Itadumu wiki moja. Juu ya swichi ya presha, chini ya kifuniko, kuna nati yenye springi. Seremala ataona siku moja msumari umeingia nusu. Hatakuja kukwambia. Ataifungua, ataikaza raundi moja, atarudisha kifuniko vizuri, atapangusa na vumbi. Fundi rangi ataona mashine ya mwenzake inasukuma zaidi, ataogopa kuachwa, ataikaza ya kwake raundi mbili. Mwezi ukiisha, mashine zote zimewekwa paundi 150, zinaamka pamoja na kulala pamoja, na geji moja imekwama kwenye 90 hata tangi likiwa tupu, ndiyo hiyo kila mtu anayoisomea. Usiweke kufuli kwenye swichi. Ukiweka, watahamia kwenye valvu ya usalama, na hiyo ikikazwa hakuna mwongozo utakaokufaa.

Sasa umeme ukikatika. Tuseme umeondoka saa 4 asubuhi. Fundi rangi yuko katikati ya boneti ya Noah, seremala ana kitanda cha harusi ya Jumamosi. Wote wanakaa kivulini na kuwasha redio ya betri. Hakuna anayesogelea swichi. Hii ndiyo kanuni ya tatu, na ndiyo inayoheshimiwa kuliko zote: anayezima ndiye mwenye nayo. Ukizima, ni wewe utakayeulizwa kwa nini haikuwashwa, kwa nini ilichelewa, na kwa nini inatoa sauti ile. Kwa hiyo swichi zote tatu zinabaki zimewashwa. Kwa saa nne hizo matangi yanaendelea kuvuja, taratibu, kupitia lile tundu na ile koki, mpaka yanakuwa matupu.

Saa 8 mchana umeme unarudi. Feni inaanza kuzunguka. Watoto wa jirani wanapiga kelele, "Umerudiii!" Mota tatu, kila moja ikiwa na tangi tupu na kiu, zinataka kuanza katika sekunde ile ile. Na mota inapoanza tu huvuta umeme mara sita hivi ya ule inaouvuta ikishachanganya. Taa inafifia kuwa rangi ya chungwa. Skrubu inanguruma, HP 10 inaanza kutetemeka, mkanda unapiga ukelele. Kisha breka inaanguka, tapu, kimya. Feni inamalizia mizunguko yake. Seremala anasema ni mashine ya pancha. Pancha anasema ni ya rangi. Fundi rangi anasema ni skrubu, na skrubu haina msemaji. Kijana anatumwa akanyanyue breka. Anainyanyua. Swichi hazijaguswa. Tapu.

Kinachotakiwa ni taima kwenye kontakta za mashine: ya kwanza ianze baada ya sekunde 10, ya pili baada ya 40, ya tatu baada ya dakika moja na nusu. Na kifaa cha kulinda fezi, maana umeme mara nyingine hurudi na fezi mbili, mota ikabaki inaguna papo hapo mpaka waya zinanukia. Fundi umeme yeyote anavijua vifaa hivi na bei yake haifiki ya kusuka mota moja upya. Lakini wewe mwaka jana uliambiwa hivyo, ukasema tuvute subira. Vuta, ila jifunze kuitambua harufu ya vanishi inayoungua. Ni tamu kidogo, watu huidhania ni ya seremala.

Kama biashara itakua ukavuka uniti 7,500 kwa mwezi, utahamishiwa kundi la T2. Huko uniti ni nafuu, ila unalipia pia kilele chako, yaani ule wakati wa mwezi mashine zilipovuta nyingi kwa pamoja. Kompresa tatu zinazoamka na kulala pamoja zitakupa kilele kizuri sana.

Kuna mambo mawili ya mahali ambayo hayasemwi Gerezani. Kaliua iko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi. Mashine iliyoandikwa kibati kwamba inatoa kiasi fulani cha upepo itatoa pungufu. Aliyekuuzia hakukudanganya, mwenyewe alikuwa usawa wa bahari. La pili ni chumba. Kwa hofu ya wezi umezifungia zote tatu kwenye chumba cha bati, mlango wa chuma, dirisha la kiganja. Zinavuta hewa ziliyoipasha zenyewe. Kila nyuzi 4 za joto zinazoongezeka zinakugharimu asilimia 1 ya umeme, na hapo ndani mwezi wa Oktoba hata mjusi haingii. Toboa ukuta, vuta hewa ya nje upande wa kivuli, peleka joto nje upande wa pili. Wezi wataliona tundu. Chagua.

Huko duniani watu walishazoea upepo wa kushirikiana. Paris, Victor Popp alianza mwaka 1880 kuendesha saa za mitaani kwa upepo wa mabomba, kisha mtandao huohuo ukatanuka chini ya barabara na kuuzia karakana upepo kwa mita, na haukuzimwa mpaka 1994. Marekani, vichwa vya treni vya dizeli vikifungwa viwili vitatu pamoja, kwenye kebo inayoviunganisha upo waya wa kuziamuru kompresa zao zifanye kazi kwa wakati mmoja. Viwandani siku hizi kuna kisanduku ukutani kinachosoma presha ya bomba, kikaamua nani aamke na nani alale, na mara nyingi pembeni yake kuna mashine moja ya inveta inayopunguza na kuongeza mwendo badala ya kuzunguka frii. Kisanduku hakina ndugu Kaliua wala hakimwogopi mtu. Ndiyo maana utakisifia sana na hutakinunua.

Badala yake utanunua daftari. Utapiga mistari: tarehe, mashine, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, aliyewasha, sahihi. Utamkabidhi kijana mwaminifu. Siku tatu za mwanzo litajazwa kwa kalamu tofauti na mwandiko tofauti, na kuna siku mtu ataandika "imegoma". Kuanzia wiki ya pili kurasa zitakuwa safi mno: mwandiko mmoja, wino mmoja, skrubu inawashwa saa 2:00 kamili na kuzimwa saa 11:00 kamili, hata siku ambayo Kaliua nzima haikuwa na umeme. Usimkaripie kijana. Ameandika ulichotaka kukisoma.

Kama kweli unataka kujua nani anakula, funga mita ndogo kwa kila mashine. Zinauzwa, hazina makelele, na haziwezi kuandikwa Ijumaa jioni. Zisome kila asubuhi saa ileile, andika namba tatu ubaoni mbele ya wote, usitoe maoni. Siku ya kwanza watacheka. Siku ya nne fundi pancha ataona namba ya skrubu ni mara nane ya yake na malori hayakusimama kutwa, na ataanza kuizima mwenyewe akipita, akijifanya anatafuta spana. Huo ndio wakati wa kunyamaza. Seremala naye atagundua kwamba presha ikishuka namba yake inashuka, ataifungua ile nati kwa siri, kama alivyoikaza. Wiki ya tatu mmoja wao, kwa adabu zote, "samahani bosi," atapendekeza mita ya nne ifungwe kwenye laini ya ofisi yako, ile yenye friji, feni mbili na pasi. Mwambie mita zimekwisha dukani.